Spana Niliyoinunua kwenye Lori la Ofa

Nilistaafu miezi minne iliyopita, na asubuhi bado naamka nikitafuta buti. Wiki jana vijana niliowaacha kazini, mafundi wa pampu wa pale Lodwar, walinitumia picha kwenye simu. Lori limeegeshwa kando ya soko la Kakuma, ubavu wake umefunguliwa, na ndani vifaa vinang'aa: spana, jeki, bisibisi, misumeno ya chuma, masanduku mekundu. Chini ya picha waliandika: "Mzee Ewoi, hizi ni za kununua ama ni za kutazama tu?"

Nilianza kuwajibu kwa sentensi moja, nikaifuta. Nikaandika nyingine, nayo nikaifuta. Swali ni dogo, lakini jibu langu lina mtu ndani yake, anaitwa Akai, na kwa miaka mingi nimelijibu swali hili bila kumtaja. Kwa hiyo nawaandikia kirefu. Mkitaka kusonya, sonyeni, ila msome mpaka mwisho.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa pampu. Mzee Lopeyok, aliyekuwa fundi mkuu wa shirika letu dogo la maji, alinipa tupa na spana mbili za bomba, zile kubwa zenye meno, akaniambia nisafishe meno yake. Nilisugua mpaka saa sita. Akaja, akazitazama, akasema, "Tena." Wiki nzima ilikwenda hivyo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha safi, nikaona mzee ana kichaa kidogo. Ijumaa ndipo aliponieleza.

"Pitisha tupa juu ya jino," alisema. "Inateleza ama inauma?"

"Inateleza."

"Basi hiyo ni chuma. Siku tupa ikiuma jino, hiyo si chuma, hiyo ni ugali. Usiende nayo kwa kisima."

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Tulikwenda Kerio, kwao, ambako chumvi hula bomba na kulimaliza kabla mtoto uliyemkuta akitambaa hajaanza shule. Tulikwenda Kalokol, tukafungua silinda ya pampu tukakuta samaki mkavu ndani. Mpaka leo hakuna ajuaye alifikaje humo, na mwenyekiti wa kamati ya maji alikana kabisa kwamba ni wake, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mzee hakuwa msemaji. Alinifundisha kusikiliza pampu kabla ya kuifungua, na kula chakula nilichopewa hata kama nimeshiba, kwa sababu mtu aliyekulisha hukuambia ukweli kuhusu pampu yake.

Zaidi ya yote alinifundisha kuogopa kitu kimoja. Nyinyi mnakijua, lakini nitakieleza kwa ajili ya wengine watakaosoma. Pampu ya mkono ina mabomba yaliyoungwa moja chini ya jingine, yananing'inia ndani ya kisima kama ushanga kwenye uzi. Ukitaka kutengeneza kilicho chini kabisa, unayavuta yote juu. Bomba moja likitoka, unalikamata la pili kwa nguvu mdomoni mwa kisima, halafu unalifungua la juu. Wakati huo mabomba yote yaliyobaki yanashikwa na meno ya spana moja tu. Yakiponyoka, yanakwenda chini yote, yanakwama, na kisima kinaweza kufa. Nimeona wanaume wazima wakilia kwa ajili hiyo.

Lori la ofa lilifika Lodwar mwaka ambao Lopeyok alikuwa karibu kustaafu. Lilitoka huko juu, upande wa Kitale, na mwenye lori alikuwa mtu mnene aliyevaa kofia ya manyoya katika joto lile letu. Alishika kipaza sauti.

"Ofa, ofa! Kitu ya ng'ambo, bei ya nyanya! Wewe hapo, si wewe ni fundi? Nakuona kwa mikono! Kuja ushike, kushika ni bure! Ikivunjika nipigie simu, nakuletea ingine mpaka kwako!"

Nikaenda nikashika. Ilikuwa spana ya bomba yenye mpini mwekundu, ndefu kama mkono wangu, na nyepesi. Wepesi ule ungetosha kuniambia kitu. Tena tupa ya Lopeyok ilikuwa kwenye mfuko wangu wa nyuma, kama siku zote. Ningeitoa na kuipitisha mara moja kwenye jino, na mwenye lori asingenikataza. Sikuitoa. Nataka mlielewe hili vizuri, kwa sababu watu wakisikia habari za vifaa rahisi hudhani ni habari za umaskini. Sikuwa na shida. Spana nzuri za shirika zilikuwa stoo, zimetulia, na zilikuwa zangu kutumia. Ila zilikuwa nzito, nyeusi, na kuukuu, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiona nikiingia vijijini na sanduku jekundu limefungwa nyuma ya pikipiki. Sikuipima kwa sababu sikutaka kujua.

Kesho yake Lopeyok aliliona sanduku mezani.

"Umeipima?"

"Nimeipima, mzee."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na chai yake.

Miezi michache baadaye niliitwa kwenye kijiji kimoja njia ya kwenda Nakalale. Pampu ilikuwa inatoa maji kidogo na kwa taabu. Mtunza pampu wa pale alikuwa Akai, mama wa watoto wanne, ambaye ufunguo wa pampu aliuvaa shingoni pamoja na shanga zake. Tulikuwa tumempa mafunzo ya wiki moja Lodwar, na hiyo wiki moja ilimtosha. Alijua kwa sikio tu kama mpira wa ndani umeanza kulika. Nilipofika aliniambia, "Bomba la nne limetoboka, fundi. Nasikia maji ikirudi." Nikacheka kidogo. Lilikuwa la nne kweli.

Tulianza kuvuta asubuhi. Watu walikuwa wamekaa mbali kidogo, wanawake na mitungi yao, wanaume na vigoda vyao, wanangoja. Tulitoa la kwanza, la pili na la tatu, kisha tukalivuta la nne juu. Akai alikuwa ameshika mpini wa spana yangu nyekundu iliyobana mabomba yaliyobaki, ameukandamiza kwa mikono miwili na goti, kama alivyofundishwa. Mimi nilikuwa nalifungua la juu. Liligoma. Nikaongeza nguvu.

Nilisikia mlio mdogo, kama wa mtu kuvunja kijiti. Mabomba yakashuka mbele ya macho yangu. Yalikwenda yakigonga kuta za kisima kwa sauti ndefu, kisha tukasikia maji, kisha kimya. Akai alikuwa amebaki na mpini mkononi. Spana ilipovunjika ulirudi kwa nguvu ukampiga kifundo cha mkono, na mkono ulikuwa umekwisha kuanza kuvimba.

Taya la spana lilianguka karibu na mguu wangu. Lilikatika katikati, na ndani yake palikuwa na chembechembe za kijivu kama unga wa mtama. Nililiokota. Nikalitia mfukoni, palepale penye tupa. Nikachukua na mpini mikononi mwa Akai, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa, nikautumbukiza ndani ya sanduku. Yote hayo niliyafanya kabla watu hawajafika. Sijawahi kufanya kazi haraka na safi kama siku ile.

Walikuja wakikimbia. Mzee mmoja akauliza, "Ni nini imetokea?"

Nikasema, kwa Kiturkana, kwa sauti ya kusikika, "Aliachia."

Akai alinitazama. Kisha akawatazama watu. "Sikuachia," alisema. Alisema mara moja, akangoja niseme jambo. Sikusema. Mimi nilikuwa fundi kutoka Lodwar, nimevaa kofia ya shirika, na yeye alikuwa mwanamke aliyeshika mkono wake uliovimba. Mnaweza kukisia nani aliaminiwa. Mwanamke mmoja alimsogelea, nikadhani anakwenda kumfunga kitambaa. Alikwenda kumvua ufunguo.

Nilikaa pale siku tatu nikijaribu kuyavua mabomba. Fundi mmoja wa kuchomelea kule Kakuma, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aitwaye Deng, alinitengenezea ndoano nzuri ajabu, lakini mabomba yalikuwa yamejikunja na kukwama, hayakukubali. Siku ya tatu niliona wanawake wamerudi kuchimba mchanga kutafuta maji kwenye laga, mto mkavu, bondeni, mbali, na Akai akiwa nyuma yao peke yake. Nikafunga vifaa vyangu. Nilipofika Lodwar nilisimama kwenye daraja la Turkwel nikalitupa lile taya mtoni. Nilimpigia simu mwenye lori pia. Sijui nilitaka kumwambia nini. Simu haikupatikana.

Ripoti niliiandika kwa Kiingereza cha ofisini, na Kiingereza hicho kina namna ya kueleza mambo ambapo vitu hutokea vyenyewe bila mtu kuvitenda. Ila palipohitajika jina, niliandika la Akai.

Lopeyok aliisoma akiwa amesimama. "Spana ilikuwa gani?" aliuliza.

"Ya stoo."

Alitoka. Alirudi baada ya dakika chache, mikono yake ina vumbi. "Ya stoo ina utando wa buibui, Ewoi," alisema. Hakupaza sauti. Alikaa, akasema, "Nitakungoja."

Aliningoja. Alistaafu akaenda kwao Kerio, na kila nilipopita huko alinikaribisha samaki, akaniuliza habari za kazi, halafu akanyamaza, akinipa nafasi. Nami nilimwambia habari za kazi. Alipofariki niliombwa niseme machache kaburini kama mwanafunzi wake. Nilisema alitufundisha uaminifu. Watu waliitikia amina. Nilipoketi niliinamisha kichwa, na mama mmoja akanipa maji akidhani ni huzuni.

Sasa swali lenu. Nimenunua vitu vingine kwenye malori kama yale, na sikujuta. Futi ya kupimia nunueni. Fremu ya msumeno nunueni, ila meno yake tafuteni dukani. Karai, kamba ya kufungia mzigo, bisibisi ya kufungulia redio, nunueni. Kitu ambacho kikivunjika utacheka, hicho hakina ubaya. Lakini chochote kitakachobeba uzito juu ya mkono wa mtu, au kitakachoshika mabomba juu ya kisima cha watu, kipimeni kwa tupa mbele ya muuzaji. Akikasirika, mmepata jibu. Na kama mmekwisha kununua na kikavunjika, semeni kimevunjika. Hilo la mwisho halina uhusiano na malori, lakini ndilo lililonigharimu.

Kijiji kile kilikaa viangazi viwili bila kisima mpaka wakachimbiwa kingine. Akai hakukingoja. Kule lagani walimfanya awe wa mwisho kuteka kila siku, na ndugu za mume wakaanza maneno, kwamba amewaletea aibu. Alichukua watoto akaenda Kakuma. Hayo niliyasikia kwa mafundi wengine, nikaitikia "Ooh" kama mtu anayesikia habari za mgeni.

Miaka kadhaa baadaye nilimwona. Alikuwa na kibanda kidogo karibu na soko la kambi ya wakimbizi, akiziba mitungi ya maji iliyotoboka. Anapasha kisu moto kwenye jiko, anayeyusha kipande cha plastiki, anakipaka juu ya tundu, anakisawazisha. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umepona vibaya, umepinda. Niligeuza pikipiki nikapita njia nyingine, na tangu siku hiyo kila nikienda Kakuma nilizunguka soko lile. Nilizunguka hivyo kwa miaka. Mnaokumbuka mkiniuliza kwa nini tunapitia mbali, nikawaambia barabara ile ina mashimo, sasa mnajua.

Mwezi wa mwisho kabla ya kustaafu nilikwenda. Nilimkuta peke yake, asubuhi, mitungi imepangwa.

"Ejoka, Akai," nilimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-nooi." Aliinua macho. "Fundi. Umezeeka. Umeleta mtungi?"

"Sikuleta mtungi."

"Basi umeleta maneno."

Nilichutama. Nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu Lodwar, yote ikapotea. Nikasema, "Siku ile spana ilivunjika. Wewe hukuachia."

Aliendelea kukwangua tundu la mtungi mpaka likawa safi. "Nilikuwa nimeshika mpini," alisema. "Ulifikiri unaniletea habari?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Unaomba hapa?" Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu karibu ila muuza chai wa Kikongo upande wa pili wa njia. "Siku ile ulisema ukiwa umesimama. Watu wote wakasikia. Leo unachutama unaniambia mimi kwa sauti ndogo. Mimi najua tayari. Mama yangu ndiyo hakujua. Alikufa akiniambia, Akai, kama uliachia sema tu, watu watasahau."

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Mimi sitaki kitu. Wewe ndiyo umekuja." Akatia kisu motoni. "Lakini kule kijijini watu bado wako."

Nilikwenda juma lililofuata. Nilimwomba mwenyekiti wa kamati ya maji awaite watu, wakakutana kando ya tangi la kisima kipya. Nilivua kofia ya shirika. Nikasimama nikawaambia kila kitu: lori, tupa iliyokaa mfukoni, taya nililolificha, neno nililolisema. Nilisema kwa sauti kubwa ileile. Nilijiandaa kwa hasira, hata kwa fimbo. Nadhani nilizitaka.

Mzee mmoja akasema, "Akai alishaenda. Na kisima tuna ingine." Wengine wakaguna. Vijana walikuwa wakiangalia simu zao. Hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga. Mwanamke mmoja tu aliinuka, yule aliyemvua Akai ufunguo, nywele sasa nyeupe. Alinipita bila kunitazama, akaenda nyumbani kwake akafunga mlango wa makuti. Baadaye niliambiwa alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni.

Mkutano ukaisha. Mwenyekiti, mtu mpole, akanikaribisha chai nyumbani kwake, akaniambia nimefanya vizuri, mambo ya zamani ni ya zamani. Mke wa mwanawe ndiye aliyetuandalia. Alikuwa mama kijana mchangamfu, ameolewa hapo kutoka Kalokol mwaka uliotangulia, na hakuwa mkutanoni kwa sababu alikuwa jikoni kwa ajili yangu. Alipokuwa akifunua sufuria, kifuniko kilimponyoka kikaanguka mchangani.

"Aa! Mkono wa Akai!" alisema, akijicheka mwenyewe.

Mwenyekiti aliinamisha macho kwenye kikombe chake.

Nikamuuliza yule mama, "Akai ni nani?"

Alinitazama kwa mshangao, kifuniko mkononi, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halina maana. "Sijui, mzee," alisema. "Ni vile watu wa huku wanasema mtu akiangusha kitu."

Nikamweleza. Nilianza tena tangu mwanzo, mbele ya chai iliyokuwa ikipoa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza, akasema pole, kisha akaenda kuosha kifuniko.